Mtindi wa Nyumbani: Chemsha Kwanza, Ndipo Uweke Mbegu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu hapa Njombe. Leo tunagandisha mtindi, lita mbili, na nitawaeleza ni nani hasa anayefanya kazi humu ndani ya sufuria. Nasema hivyo kwa sababu wengi mnachukua mbegu kwangu, halafu mkifika nyumbani mnaitia kwenye maziwa mabichi. Jamani, nawaomba, msifanye hivyo.

Vitu vyetu ni hivi: maziwa, sufuria yenye kitako kizito, mwiko, kipimajoto, chombo chenye mfuniko, blanketi, na mbegu. Mbegu ni mtindi tu, usio na sukari wala ladha, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita. Vyombo vyote nimeviosha kwa sabuni na kuvimwagia maji yanayochemka. Hilo mnalijua, twende.

Maziwa nayabandika, moto wa wastani. Koroga hadi chini yasishike.

Sasa wakati yanapata moto, sikilizeni. Bakteria ni kiumbe wa seli moja tu. Hana kiini kama seli zetu, vinasaba vyake vinaelea humo humo ndani. Ni mdogo mno: ukipanga elfu moja kwenye mstari, ndio kwanza unapata milimita moja au mbili. Haoni haja ya mume wala mke, anajigawa katikati, wanakuwa wawili. Wawili wanakuwa wanne. Wapo ambao wakipata joto na chakula wanajigawa kila dakika 20. Kwa mwendo huo, mmoja baada ya saa saba ni zaidi ya milioni mbili. Ndiyo maana maziwa ya asubuhi ukiyaacha mezani, jioni yana habari nyingine.

Wengi wao hawana shida na sisi. Ndani ya utumbo wako wamejaa, wanakusaidia kuvunja chakula, wanatengeneza vitamini K, wanawabana wageni wabaya wasipate nafasi. Lakini wapo wa kuogopwa, na kwenye maziwa mabichi wanapita. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anakamulika, kumbe ana brusela, wale bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba. Mtu akiwapata, homa inakuja inaondoka, jasho usiku, viungo na mgongo vinauma. Anameza dawa ya malaria, homa inarudi tena. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita kwenye ma... ee, yanapanda! Yanapanda! Punguza moto, koroga, koroga. Haya. Yametulia. Maziwa usiyaache peke yake hata kidogo.

Nilikuwa nasema: wapo watu wazima ninaowaheshimu kabisa, wanasema uchachu unaua kila kitu. Wazee wangu, shikamooni, lakini hapana. Uchachu unawabana bakteria wengi, ila brusela anaweza kukaa hai siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyochacha. Kuchacha hakuchukui nafasi ya moto. Kwanza moto, ufukuze usiowajua. Kisha uingize unaowataka.

Tazama kipimajoto: 90. Hapo nayaacha dakika kumi, moto mdogo. Joto hili linaua wale wabaya, na pia linabadilisha protini za maziwa, ndiyo siri ya mtindi mzito. Ukiona mtindi wako mwepesi unaachia maji ya njano, mara nyingi hapa ndipo uliharakisha.

Zima. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi. Utando wa juu mimi nautoa, wapo wanaoupenda, kila mtu na kwake.

Sasa hapa. Njooni karibu na kamera, hapa ndipo penyewe. Tunasubiri ishuke mpaka 43, isizidi 45. Narudia: isizidi 45. Usimwage mbegu kwenye maziwa ya moto! Mbegu ni viumbe hai. Wanaotengeneza mtindi huu ni wawili: *Streptococcus thermophilus*, wa mviringo, wanaojipanga kama shanga, na *Lactobacillus bulgaricus*, mwembamba kama kijiti. Huyu wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria. Wote wanapenda joto, ila lina kiasi chake. Ukipita 50 kazi inaharibika, na maziwa yanayochemka yanawaua kabisa. Utaamka asubuhi ukute maziwa maji, useme mbegu ya dada ni mbovu.

Yakipoa sana nako ni shida. Kwenye 30 wanasuasua, na wakisuasua, bakteria wengine waliodondokea humo wanapata muda wa kuwatangulia.

Subirini, kioo cha kamera kimeshika mvuke. Nafuta... Mnaona sasa? 51. Bado. Bado kabisa.

Na kidole usichovye! Naona mnavyopima kwa kidole. Kwenye ngozi na puani tunabeba bakteria anaitwa *Staphylococcus aureus*, hasa ukiwa na kidonda au jipu mkononi. Akizaliana kwenye chakula anaacha sumu, na sumu hiyo hata ukichemsha tena haivunjiki. Huna kipimajoto? Chota kwa kijiko safi, dondoshea kwenye kifundo cha mkono. Lisikike lina moto bila kuchoma. Kijiko hicho usikirudishe kwenye sufuria.

47... 45... Haya, 44. Sasa ndiyo.

Nachota maziwa kikombe kimoja, nakoroga mbegu ndani yake mpaka mabonge yaishe, ndipo narudisha kwenye sufuria. Koroga taratibu. Mimina kwenye chombo, funika, funga blanketi. Ninyi wa Dar kitambaa kimoja kinatosha. Sisi wa Njombe mwezi wa saba, blanketi mbili na pembeni chupa ya maji moto. Sasa hivi ni saa 4 asubuhi. Usikisogeze, usikitikise, usifungue kuchungulia.

Humo ndani wanafanyaje? Wanakula sukari ya maziwa, inaitwa laktosi, wanatoa asidi. Asidi ikikolea, protini ya maziwa inashikana, maziwa yanaganda. Na wale wawili wanalishana: huyu kijiti anavunja protini na mwenzake anapata chakula, mwenzake naye anatoa vitu vinavyomkuza kijiti. Napenda sana habari hii! Na kama maziwa ya kawaida yanakujaza gesi tumboni, jaribu mtindi. Sehemu ya laktosi imeshaliwa, na bakteria wenyewe wanakuja na kimeng'enya cha kukusaidia kumaliza iliyobaki.

Tumerudi, saa 11 jioni. Nafungua... Tazameni! Nainamisha, hautiririki. Unakatika kwa kijiko. Sasa kwenye friji. Baridi haiwaui, inawapunguza kasi tu, ndiyo maana unazidi kuchacha siku baada ya siku. Ukiona madoa ya waridi, ya machungwa au ukungu, mwaga wote. Usikwangue juu ukala chini.

Na kama umefuata kila kitu na bado haukuganda, kamuulize mfugaji: ng'ombe ametibiwa ugonjwa wa kiwele karibuni? Antibiotiki inatoka na maziwa, inaua mbegu yako, na kuchemsha hakuiondoi yote. Maziwa hayo hayakupaswa kuuzwa kabla ya siku alizoandika daktari wa mifugo kuisha. Kuyanywa kila siku ni kuwazoeza bakteria wa mwilini mwako na dawa kidogo kidogo, na siku unayoihitaji dawa, haifanyi kazi.

Kabla hamjaugawa kwa watoto, tengeni vijiko vinne kwenye kikopo safi, hiyo ndiyo mbegu ya mzunguko ujao. Itumieni ndani ya wiki moja. Ikianza kuganda kwa kusuasua, chukueni mpya. Ninazo, na vipimajoto vipo. Wa Makambako, mzigo wenu unapanda basi la asubuhi.