Nani Aliilipia Blue Ridge Parkway?

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Jioni hii tuzungumze juu ya barabara moja ya Marekani ambayo haikujengwa ili mtu afike haraka. Inaitwa Blue Ridge Parkway. Ina maili 469, yaani kilomita 755 hivi, na inafuata migongo ya milima ya Appalachia kutoka Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, jimboni Virginia, hadi Great Smoky Mountains, North Carolina. Malori ya biashara ni marufuku. Mabango ya matangazo huyaoni. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 72 kwa saa, na kuingia ni bure. Basi, barabara isiyobeba saruji wala mahindi, nani anailipia?

Chanzo chake ni ukosefu wa ajira. Mwaka 1933, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilitenga fedha nyingi kwa kazi za umma, na msimamizi wa fedha hizo alikuwa Waziri Harold Ickes. Milimani vibarua walikuwa wengi na kazi hakuna. Ndipo barabara hii ikapangwa ijengwe kwa fedha hizo. Majimbo ya Tennessee na North Carolina yakagombea njia ipite kwao, na Novemba 1934 Ickes akaipa North Carolina. Tarehe 11 Septemba 1935 ujenzi ukaanza Cumberland Knob, karibu na mpaka wa Virginia.

Mapatano yalikuwa hivi: serikali kuu inajenga, majimbo yanatafuta ardhi na kuikabidhi bure. Ukiyasoma juu juu utaona ni haki tupu. Lakini hebu fikirini. Barabara ya kawaida inahitaji ukanda mwembamba. Barabara ya mandhari inahitaji na mandhari yenyewe: msitu wa pembeni, malisho, bonde lililo chini. Msanifu wake, Stanley Abbott, alilijua hilo, na North Carolina ikachukua zaidi ya ekari 100 kwa kila maili moja ya njia. Mkulima mdogo alikuta shamba lake limekatwa vipande viwili, na haruhusiwi kufungua kijia chake mwenyewe cha kuingia barabarani. Matajiri wenye mawakili waliweza kupigania bei yao. Wakulima wengi wa milimani hawakuwa na uwezo huo. Hawa nawahesabu miongoni mwa wafadhili wa barabara ile, ingawa walichangia bila kuulizwa.

Wacherokee wa North Carolina, wenyeji wa asili wa milima hiyo, ndio waliosimama imara. Njia ilipangwa kupita bonde la Soco, na watu wa milimani wanajua thamani ya ardhi tambarare: hapo ndipo panapolimwa, hapo ndipo panapofunguliwa duka. Walikataa. Walibishana wao kwa wao pia, baraza lao likagawanyika, na mvutano ukachukua miaka. Kufikia 1940 ufumbuzi ukapatikana: barabara ya mandhari ikapandishwa mgongoni mwa mlima, na bondeni wakajengewa barabara ya kawaida, ile ambayo mtu anaweza kujenga duka kando yake. Mimi naona huo ni ushindi mkubwa, na unastahili kufundishwa pamoja na hesabu za zege.

Zege nalo lina habari yake. Kipande cha mwisho, kwenye Mlima Grandfather, kilikwama kwa miaka mingi kwa sababu mwenye mlima, Hugh Morton, hakutaka ubavu wake wa juu uchimbuliwe. Jibu likawa daraja la Linn Cove, lililokamilika 1983: mita 379, vipande 153 vya zege, na kimoja tu kati yake ndicho kilichonyooka. Vipande vilishushwa kutoka juu, kimoja baada ya kingine, ili miamba na miti ya chini isiguswe. Barabara nzima ilikamilika 1987, miaka 52 baada ya kuanza.

Kujenga kulikwisha, kutunza hakujaanza hata kueleweka. Barabara hii hupokea zaidi ya watu milioni 15 kwa mwaka, na haina tozo. Matengenezo yake hutegemea bajeti ya hifadhi za taifa pamoja na mfuko wa barabara wa serikali kuu, ambao chanzo chake kikubwa ni kodi ya mafuta. Kodi hiyo kwa petroli ni senti 18.4 kwa galoni, na haijapandishwa tangu 1993. Bei ya lami haikusubiri. Viporo vya matengenezo vilirundikana hata mwaka 2020 Bunge likapitisha sheria ya kutoa hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka 5, kwa hifadhi na ardhi nyingine za umma nchini kote. Fedha hizo ndizo zilizosaidia kujenga upya daraja la Laurel Fork kwenye barabara hii.

Kisha Septemba 2024 kikaja kimbunga Helene. Milima ikaporomoka juu ya lami, na kwa muda njia yote ikafungwa. Wenye nyumba za wageni na migahawa ya milimani, ambao hawamiliki hata mita moja ya barabara ile, walijikuta hawana wateja katika msimu ambao majani hubadilika rangi, na huo ndio msimu wao wa mavuno.

Kwa hiyo wahandisi na maafisa mipango mlioko hapa, mkiletewa mchoro wa barabara ya utalii, ombeni kuonyeshwa karatasi mbili kabla ya kuidhinisha chochote: orodha ya wenye ardhi pamoja na fidia zao, na bajeti ya matengenezo ya mwaka wa ishirini. Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na fidia.