Matusi Yasiyo na Jina, Radhi Yenye Saini: Mashabiki na Wachezaji wa Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Nimeombwa nizungumzie uhasama wa mashabiki dhidi ya wachezaji wa futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani, pamoja na namna pande hizo mbili zinavyopatana baadaye, kama kweli huwa zinapatana. Hoja yangu naitanguliza mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali yake. Matusi humfikia mchezaji bila jina la mtu, au kwa majina ya bandia. Lakini kila maridhiano ya maana ninayoyafahamu katika historia ya mchezo huu yaliletwa na mtu au taasisi iliyokubali kuweka saini. Kile ambacho magazeti hupenda kukiita maridhiano ya umati na mchezaji, mara nyingi, ni ushindi uliokuja baadaye ukafunika kumbukumbu.

Kwa wasioufuatilia mchezo wenyewe, niseme machache. Futiboli ya Kimarekani huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, lakini timu ikishindwa kuufikisha mpira kwenye mstari wa mwisho huweza kumwita mpigaji aupitishe kwa teke baina ya nguzo mbili, na hapo hupata pointi 3. Mpigaji huyo hukaa pembeni karibu mchezo mzima. Akiitwa, mpira hurushwa nyuma, mwenzake huudaka na kuusimamisha, naye huupiga, na yote hayo hayafiki sekunde 2. Anayemfananisha na mpiga penalti hajakosea sana, ila mpiga penalti huwa amekwisha kucheza dakika 90 pamoja na wenzake, amekosa na kupatia mengi, ilhali huyu hana kingine cha kutetea jina lake isipokuwa teke lile. Beki akipotea njia, ni kocha na wachache wanaojua kuusoma mchezo watakaogundua. Mpigaji akikosa, hata mtoto aliyepakatwa jukwaa la juu kabisa anajua nani kakosa. Ndiyo maana mifano yangu mingi leo ni ya watu wa kazi hiyo.

Jambo la pili ni mahali wanapoishi. Mchezaji wa kulipwa akizomewa huingia kwenye gari lake na kwenda nyumbani. Mchezaji wa chuo ni mwanafunzi, kwa kawaida wa miaka 18 hadi 22, na Jumatatu anaingia darasani pamoja na waliomzomea Jumamosi. Anapanga foleni nao kwenye bwalo la chakula, na pengine anafundishwa na mmoja wao. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi rasmi za watu 107,601, na wanaoujaza ni wanafunzi wenzake, waliohitimu kabla yake, wafanyabiashara wa mji na wazazi wa marafiki zake. Kwa hiyo uhasama unaposemwa hapa hatuzungumzii mahasimu wa timu pinzani, ambao kelele zao ni sehemu ya mchezo na wachezaji wengi huzifurahia. Tunazungumzia watu wa nyumbani.

Tuanze na Alabama. Tarehe 30 Novemba 2013, katika uwanja wa Jordan-Hare mjini Auburn, timu ya Alabama, iliyokuwa bingwa wa taifa wa misimu ya 2011 na 2012, ilishuka dhidi ya wenyeji wake, timu ya Auburn, ikiwa haijafungwa na ikishika nafasi ya kwanza nchini. Mpigaji wake, Cade Foster, alikuwa katika mwaka wake wa mwisho. Alikosa teke la kwanza. La pili alilipatia, lakini likafutwa kwa sababu mwenzake mmoja alisogea kabla ya wakati. Akarudishwa yadi 5 nyuma, akarudia, akakosa. La tatu lilizuiwa na Auburn zikiwa zimebaki dakika chache. Naomba mlitazame vizuri orodha hiyo, kwa sababu umati haukuitazama: katika mateke matatu yanayohesabiwa kuwa aibu ya mtu mmoja, moja lilikuwa limekwisha kuingia likafutwa kwa kosa la mwingine, na jingine lilizuiwa, jambo ambalo ukuta wa walinzi mbele yake nao una sehemu ya kulijibu.

Zikiwa sare ya 28 kwa 28, sekunde 1 ikarejeshwa kwenye saa baada ya marudio ya video, na kocha wa Alabama, Nick Saban, akamwita mpigaji mwingine, Adam Griffith, kijana aliyezaliwa Poland na kulelewa Marekani, apige kutoka yadi 57. Mpira haukufika. Chris Davis wa Auburn aliudaka karibu kabisa na mwisho wa uwanja, akakimbia nao hadi upande wa pili, na mchezo ukaisha 34 kwa 28.

Usiku huohuo akaunti ya Twitter ya Foster ilifurika matusi na vitisho vya kumuua. Siku chache baadaye aliweka hadharani picha ya barua aliyoipokea, iliyoandikwa kwa mkono na George W. Bush, rais wa 43 wa Marekani. Foster alivaa jezi namba 43. Rais huyo mstaafu alimwandikia kwamba maisha yana vikwazo na kwamba yeye mwenyewe anavijua, akamtakia heri akimwambia kuwa kwa muda atatoka akiwa mtu imara zaidi, kisha akajitambulisha kuwa ni 43 mwingine. Siasa za mwandishi wa barua hiyo kila mmoja wetu ana maoni yake juu yake, na si mada yetu. Kilichonivutia ni kwamba haikudai kuwa mateke yale hayakukosewa, haikumwahidi kwamba watu watasahau, na iliandikwa na mtu aliyezomewa na umati mkubwa kuliko ule wa Auburn, akaweka jina lake chini.

Sasa wafuatilieni wapigaji hawa wawili. Griffith alikuwa angali mgeni kikosini, kwa hiyo alipata miaka. Novemba 2015 alirudi kwenye uwanja uleule wa Jordan-Hare, akapatia mateke matano, na Alabama ikashinda 29 kwa 13. Januari 2016, katika fainali ya taifa dhidi ya Clemson, matokeo yakiwa 24 kwa 24, aliupiga mpira wa kuanzia kwa teke fupi la hila, Marlon Humphrey wa Alabama akaudaka, na mchezo ukageuka hadi ushindi wa 45 kwa 40. Tangu hapo jina la Griffith likitajwa Alabama hutajwa kwa tabasamu. Foster hakuwa na msimu mwingine. Makosa yao yalitokea jioni moja katika uwanja mmoja. Aliyepata bahati ya kushinda baadaye akapokewa tena, na mwingine akabaki na barua ya mgeni. Mashabiki hawakumsamehe Griffith kwa kufikiri upya juu ya usiku wa 2013. Aliwalipa, wakapokea malipo.

Kyle Brotzman wa Boise State, chuo cha jimbo la Idaho, naye alikuwa wa mwaka wa mwisho. Mwanzoni mwa Januari 2010, katika Fiesta Bowl, mmoja wa michezo mikubwa ya Januari inayofunga msimu, dhidi ya TCU (Chuo Kikuu cha Kikristo cha Texas), timu zikiwa 10 kwa 10 katika robo ya mwisho, yeye ndiye aliyejifanya anataka kuupiga mpira mbali, badala yake akaurusha kwa mkono kwa mwenzake karibu yadi 30 mbele, na mwendo huo ukazaa pointi za ushindi wa 17 kwa 10. Boise ikamaliza msimu bila kufungwa. Tarehe 26 Novemba ya mwaka huohuo, mjini Reno, timu hiyo ikiwa bado haijafungwa msimu mpya, alikosa teke la yadi 26 kwenye sekunde za mwisho, kisha jingine la yadi 29 katika muda wa nyongeza, na Nevada ikashinda 34 kwa 31. Ndoto ya kualikwa kwenye michezo mikubwa ya Januari, pamoja na mamilioni ya dola yanayoambatana nayo, ilikwisha pale. Boise ilikuwa mbele kwa 24 kwa 7 wakati wa mapumziko, na si mpigaji aliyeupoteza uongozi huo, lakini ni yeye aliyepelekewa vitisho na matusi kwa simu na kwa Facebook, tena na watu wa jimbo alilokulia. Ni kweli pia kwamba maelfu ya mashabiki wengine walifungua ukurasa kwenye mtandao huohuo wa kumwonyesha upendo, na sitaki kuudharau wema huo. Lakini waliojitokeza kumpenda hawakuwa wale waliomtukana, kwa hiyo kupatana, kwa maana ya mkosaji kumkabili aliyekosewa, hakukuwepo.

Mwaka 2015 tuliona chuo chenyewe kikisimama katikati. Oktoba 17, Michigan ilikuwa inaongoza 23 kwa 21 dhidi ya Michigan State, zikibaki sekunde 10. Blake O'Neill, Mwaustralia ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali na lango lao, hakuudaka vizuri mpira aliorushiwa; ukamponyoka, Jalen Watts-Jackson akaukamata na kukimbia nao hadi mwisho, 27 kwa 23. Watts-Jackson alivunjika nyonga kwenye tukio hilohilo. O'Neill alitukanwa mitandaoni hadi kuambiwa ajiue. Mapema katika mchezo huohuo alikuwa amepiga mpira uliosafiri yadi 80. Kesho yake Jim Hackett, aliyekuwa akikaimu uongozi wa michezo chuoni, alitoa barua ya wazi yenye jina lake, akiwakemea wenye maneno hayo na kumtetea mchezaji kuwa ni mwanafunzi wao. Barua ile haikumaliza matusi, ila ilimwondolea kijana mzigo wa kujitetea mwenyewe, na nadhani huo ndio msaada mkubwa zaidi ambao taasisi inaweza kuutoa siku ya kwanza.

Tangu wakati huo mambo mawili yamebadilika, na yote mawili yameongeza ukali. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu majimbo kuhalalisha kamari ya michezo, na leo anayemtukana mchezaji huenda hana mapenzi na timu yoyote. Amepoteza fedha tu. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipochunguza ujumbe waliotumiwa wanamichezo wake, katika matokeo ya mwaka 2024 asilimia 12 ya matusi yaliyothibitishwa yalihusu kamari, na rais wake, Charlie Baker, aliyataka majimbo yapige marufuku kuweka dau juu ya takwimu za mchezaji mmoja mmoja. Pili, tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kwa makubaliano ya kesi yaliyoidhinishwa mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato. Mimi naunga mkono walipwe, maana walichumiwa kwa miaka mingi bila haki. Lakini shabiki mwenye hasira amejipatia hoja mpya kwamba anayelipwa lazima avumilie, kana kwamba mshahara ni leseni ya kutukanwa, na anamwambia hivyo hata mpigaji wa akiba asiyepata chochote.

Je, mchezaji huishije na jambo kama hili miaka inapopita? Mfano mzuri kuliko yote ni wa kale. Tarehe 1 Januari 1929, katika Rose Bowl, mchezo mwingine mkubwa wa Januari, Roy Riegels wa California aliokota mpira, akapoteza mwelekeo, akakimbia yadi 65 kuelekea lango la timu yake mwenyewe, mpaka mwenzake Benny Lom alipomkamata karibu na mstari. Georgia Tech ilishinda 8 kwa 7. Alidhihakiwa nchi nzima, na lakabu ya mkimbia kinyume ilimfuata hadi kifo chake mwaka 1993. Hata hivyo mwaka 1957, kijana wa sekondari huko California alipokimbia kinyume vivyo hivyo, Riegels alimwandikia barua ya kumtuliza, akimweleza kwamba ataweza kuishi nalo. Hakungoja umati umwombe radhi ndipo aweze kumhudumia mwingine, na hakuna mwingine aliyestahili zaidi kuiandika.

Namalizia Wyoming, ambako kisa ni kizito zaidi kwa kuwa hakuna aliyekosea mchezoni. Oktoba 1969 wachezaji 14 weusi walikwenda kwa kocha Lloyd Eaton wakiwa na vitambaa vyeusi mikononi, wakitaka kuzungumzia namna ya kupinga ubaguzi katika mchezo dhidi ya Brigham Young, chuo cha Kanisa la Wamormoni, ambalo wakati huo halikuwaruhusu watu weusi kuingia katika ukuhani wake. Eaton aliwafukuza wote. Siku ya mchezo majukwaa ya Laramie, mji wa chuo hicho, yalimshangilia kocha, na timu ikashinda 40 kwa 7, ushindi uliowafanya wengi waamini kwamba haki ilikuwa upande wao. Msimu uliofuata Wyoming ilishinda mchezo mmoja tu kati ya 10. Baadhi ya vijana wale walifika ligi ya kulipwa, kama Joe Williams na Tony McGee. Wengine ndoto zao ziliishia pale.

Septemba 2019, miaka 50 baadaye, chuo kiliwaalika waliokuwa hai, kikawaomba radhi rasmi kwa maandishi, na mkurugenzi wa michezo, Tom Burman, akaibeba radhi hiyo kwa jina lake ingawa hakuwa na mkono katika kosa lenyewe. Kanisa lilikuwa limefungua ukuhani mwaka 1978, na kuanzia 2020 wazee wale na Kanisa hilohilo wamekuwa wakishirikiana kugawa chakula kwa wenye njaa katika majimbo wanakoishi. Wapo wanaosema radhi ya miaka 50 imechelewa mno kuwa na maana, na baadhi ya wale 14 walikufa bila kuisikia, kwa hiyo siwezi kuwapinga moja kwa moja. Ila waliofika Laramie walipata mtu wa kumtazama usoni, jambo ambalo Brotzman na Foster hawajalipata, kwa sababu chuo kina ofisi na mwenye ofisi, na jukwaa halina. Upande wa mashabiki walioshangilia mwaka 1969, ambao wengi wao waliendelea kununua tiketi kwa miaka mingi baadaye, haukuwa na mwakilishi kwenye hafla ile, na sioni ni nani angeweza kuuwakilisha.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nakurudishia nafasi kwa ajili ya maswali.