Kwa Nini Tairi la Baiskeli Hujazwa Upepo Mwingi Kuliko la Gari

Mabibi na mabwana, tairi jembamba la baiskeli ya mbio hujazwa upepo wa PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 80 hadi 100, ilhali tairi nene la gari dogo, linalobeba mzigo mkubwa mara kadhaa, hutosheka na 30 au 35. Sababu ni kwamba nguvu inayotaka kulipasua tairi huongezeka kwa upepo na kwa unene wa tairi pia. Kwa hiyo tairi la milimita 25 hustahimili upepo mkali kwa nyuzi za nailoni na mpira mwembamba, na tairi la gari, kwa upepo wake mdogo, bado huhitaji mikanda ya nyaya za chuma chini ya kashata, yaani sehemu ya nje inayogusa barabara.

Upepo huohuo huamua tairi liguse barabara kwa kiasi gani. Gurudumu la gari linalobeba kilo 300 kwa PSI 30 hulalia sentimita za mraba 140 hivi. Gurudumu la nyuma la baiskeli, likibeba kilo 55 kwa PSI 60, hugusa kama 13 tu.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza maisha. Tairi la gari lililobaki kipara, likikuta maji mengi kwenye lami, laweza kuanza kuelea kwenye mwendo wa takribani kilomita 90 kwa saa, na dereva akazungusha usukani bila gari kumtii. Mifereji ya kashata imewekwa ili maji yapate pa kutokea. Tairi la baiskeli, ambalo ni la mviringo ili liendelee kushika barabara mwendeshaji anapolala kwenye kona, huyapasua maji lenyewe, na kasi ya kuelea haifikii kwa mwendo wa kawaida. Ndiyo maana tairi laini la baiskeli, lililotengenezwa hivyo kiwandani, linafaa kwenye lami hata mvua ikinyesha, ingawa kwenye tope vinundu ni vya lazima.

Upepo ukipungua, tairi la gari huficha kasoro yake, hivyo lipimwe kwa geji asubuhi likiwa bado baridi. La baiskeli hujitangaza mapema: likiingia shimoni, rimu huibana tyubu, na fundi akiitoa hukuta matundu mawili yaliyo sambamba.