Kihariri Kinachoujua Muundo na Mtumiaji Anayejua Anachotaka

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Naomba tuanze na sentensi moja fupi: "Kitabu kizuri kimepotea." Igeuzeni iwe wingi ndani ya kihariri chochote cha maandishi mnachokitumia. Mtafuta "ki" na kuweka "vi" mara tatu, sehemu tatu. Katikati ya kazi hiyo kuna kitambo ambapo skrini inaonyesha "Vitabu kizuri kimepotea", sentensi ambayo hata mtoto ataicheka. Kihariri hakicheki. Kinachokiona ni herufi zilizopangwa foleni. Hakina habari kwamba nomino ndiyo inayotawala na viambishi vingine vyote vinaifuata.

Sasa fikirini kihariri kingine. Unaigusa nomino, unasema "wingi", na sentensi nzima inafuata kwa mpigo. Hicho ndicho kihariri cha muundo. Unachokihariri ni mti wa sintaksia, yaani mpango wa sehemu za maandishi na jinsi zinavyotegemeana, na herufi unazoziona ni sura tu ya mti huo. Kwa sisi tunaoandika programu, mti wenyewe una masharti, vitanzi, miito ya funksheni na semi za hesabu, kila kimoja kikijua mzazi wake na watoto wake.

Wazo lina zaidi ya miaka 50. Wilfred Hansen alikuwa na kihariri cha namna hii, Emily, mwaka 1971. Watafiti wa taasisi ya INRIA, Ufaransa, walikuwa na Mentor katika miaka ya 1970. Mwaka 1981 Tim Teitelbaum na Thomas Reps walichapisha maelezo ya Cornell Program Synthesizer, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walijifunzia kuandika programu. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Mbona basi wengi wetu humu ndani bado tunaandika msimbo herufi baada ya herufi?

Jibu langu, na ndilo nililokuja kulitetea, ni kwamba vihariri vile viliulinda mti dhidi ya mtumiaji. Aliyebobea hataki kulindwa namna hiyo. Anataka aachiwe avunje vitu kwa muda, na anataka amri anazojitungia mwenyewe ziwe na hadhi ileile ya amri za waliokitengeneza kihariri. Ukimnyima mojawapo, atarudi kwenye herufi zake, na mimi sitamlaumu.

Hansen aliandika kanuni za usanifu ambazo hadi leo nazipenda. Ya kwanza ilikuwa kumjua mtumiaji. Nyingine ilikuwa kumpunguzia mambo ya kukariri. Emily iliitekeleza hiyo nyingine kwa menyu: badala ya kuandika, unachagua. Kwa anayeanza hiyo ni neema. Lakini aliyekwisha kukariri, ambaye vidole vyake hufika kabla ya macho, menyu inampunguzia mzigo ambao hakuwa ameubeba.

Angalieni mfano huu: a + b * c. Mkono wa mtu huandika kutoka kushoto kwenda kulia. Mti una jumlisha juu, a upande mmoja, na kuzidisha upande wa pili. Kihariri chenye msimamo mkali kitakutaka uchague jumlisha kwanza, ujaze a, uchague kuzidisha, ujaze b, ujaze c. Yaani uwe umeupanga mti wote kichwani kabla ya kugusa kibodi. Na kama tayari umeandika a + b ndipo ukakumbuka kuzidisha kwa c, b inabidi ihame kutoka kwenye jumlisha iingie kwenye kuzidisha. Kwenye maandishi huko ni kubonyeza vitufe viwili. Kwenye mti usio na huruma ni upasuaji. Watu wa Cornell waliliona hilo mapema: kauli kama masharti na vitanzi waliziweka kwa violezo, yaani maumbo yaliyo tayari ya kujazwa, lakini semi waliacha ziandikwe kama maandishi. JetBrains MPS, kihariri kingine cha muundo, miaka mingi baadaye, nayo ilibidi ihangaike na jambo hilihili ili uandishi wa semi uwe na ladha ya kawaida.

Turudi kwenye "Vitabu kizuri kimepotea". Kihariri kifanye nini kikifikishwa hapo? Kukataa ni kosa. Mwandishi yuko njiani, anajua anakokwenda. Kunyamaza nako ni kosa, maana tunapoteza faida yote ya kuujua muundo. Njia ya tatu ni kukubali na kuweka alama. Kundi la Cyrus Omar, wanaotengeneza Hazel, lugha ya programu yenye kihariri chake cha muundo, walionyesha mwaka 2017 kwamba inawezekana kuipa kila hatua ya uhariri maana kamili, kwa kutumia mapengo. Kuna pengo tupu, mahali ambapo kitu hakijawekwa. Na kuna pengo lenye kitu ndani yake, ila kitu hicho hakilingani na kinachotarajiwa. Programu yenye mapengo bado ni mti halali; unaweza kuichunguza aina zake, na katika kazi yao ya baadaye hata kuiendesha hadi pale pengo linapozuia. Mimi ningeongeza pengo la namna ya tatu, la kiholela kabisa: kipande cha herufi ambacho kichanganuzi, yaani sehemu inayogeuza herufi kuwa mti, hakijakielewa, kinachohifadhiwa kilivyo, bila kupotezwa wala kunyooshwa kwa nguvu. Mtu akibandika nusu ya funksheni kutoka mahali pengine, iingie. Tutajua ni nini baadaye.

Mnaotumia Lisp, lugha ya programu iliyojaa mabano, mnaijua paredit, nyongeza ya kihariri inayohakikisha mabano hayaachi kufungana. Wapo wanaoipenda kwa dhati na wapo walioizima siku ya kwanza. Mimi ni wa kundi la kwanza, na sababu kubwa ni kwamba inao mlango wa dharura: ukitaka kweli kufuta bano moja peke yake, ipo namna ya kulazimisha. Nyenzo ikiwa kali, mlango huo ndio unaomfanya mtu aendelee kuitumia.

Sasa, mti utoke wapi? Njia ya kwanza ni faili kubaki maandishi na mti kuchanganuliwa kutoka humo kila yanapobadilika. Tim Wagner na Susan Graham wa Berkeley walilifanyia kazi suala la uchanganuzi wa hatua kwa hatua miaka ya 1990, na leo tunavuna kupitia tree-sitter ya Max Brunsfeld, kichanganuzi ambacho hujenga upya sehemu iliyoguswa tu na hakikati tamaa kikikutana na makosa. Kihariri cha Emacs, katika toleo la 29 la mwaka 2023, kimeingiza uwezo wa kukitumia ndani kabisa. Njia ya pili ni mti wenyewe kuwa ndio faili, kama MPS. Hapo kila nodi, yaani kila kiungo cha mti, ina kitambulisho cha kudumu: ukibadilisha jina la funksheni, wote wanaoirejelea wanaendelea kuirejelea, kwa kuwa walishika kitambulisho na si jina.

Ukiniambia nichague kwa ajili ya watu waliobobea, nachagua ya kwanza, na nakubali gharama yake. Nodi iliyoguswa na uchanganuzi mpya hupoteza utambulisho, kwa hiyo alama ulizoziweka juu yake zinaweza kupeperuka. Lakini faili linabaki kusomeka na kila nyenzo nyingine, na Git, nyenzo ya kutunza matoleo ya msimbo inayolinganisha mabadiliko mstari kwa mstari, haichanganyikiwi. Mkongwe ana nyenzo nyingine kumi mezani. Kumwambia aziache zote ili ajiunge na ulimwengu wako ni ubeberu, hata kama ulimwengu wenyewe ni mzuri.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi: amri.

GNU Emacs ya Richard Stallman, iliyotoka mwaka 1985, ina siri moja ambayo wengi hawaitambui hata baada ya kuitumia muda mrefu. Ukibonyeza herufi a, kihariri hakiandiki a kwa sababu kimezaliwa hivyo. Kitufe kile kimefungwa kwenye funksheni, na funksheni hiyo ndiyo inayoandika herufi. Unaweza kuuliza kitufe chochote "wewe unafanya nini?" ukaonyeshwa jina, maelezo na msimbo wenyewe. Hakuna daraja mbili, amri za wenye nyumba na amri za wageni. Kihariri cha muundo kinapaswa kurithi hilo bila kupunguza. Kipimo changu ni hiki: mipangilio yote ya chaguo-msingi iandikwe kwa lugha ileile anayopewa mtumiaji, kupitia milango ileile. Ikiwa watengenezaji wamejiachia mlango wa nyuma, baada ya mwaka mmoja mambo mazuri yote yatakuwa yanapitia huko.

Ila kuna jambo ambalo mti unadai na maandishi hayakudai. Katika kihariri kiitwacho vi, cha Bill Joy, unasema kitenzi kwanza kisha kitendwa: futa, neno. Inafanya kazi kwa kuwa mipaka ya neno unaiona. Mti hauonekani. Kishale kikiwa juu ya a ndani ya a + b * c, je, umesimama kwenye a, kwenye usemi wote, au kwenye kauli iliyoubeba usemi? Vyote vitatu vinaanzia hapohapo. Ndiyo maana nadhani Kakoune, kihariri kilichogeuza mpangilio huo, kina haki zaidi kwa upande wetu: chagua kwanza, uone kilichochaguliwa, kisha sema la kufanya. Panda kwa mzazi, shuka kwa mtoto, hama kwa ndugu. Halafu futa, zungushia, inua, badilishana. Amri hizo chache zikiunganishwa zinazaa nyingi, na mtumiaji anaweza kuuita muunganiko wake jina na kuupa kitufe.

Juu ya hapo apewe ulizo. Mtu aandike kielelezo cha nodi, mathalani kila mwito wa funksheni fulani wenye hoja tatu, kisha aseme hoja ya pili na ya tatu zibadilishane nafasi. Aonyeshwe kwanza sehemu zote zitakazoguswa, aondoe asizozitaka, ndipo akubali. Na mabadiliko hayo, yawe 4 au 400, yawe muamala mmoja: kutendua mara moja kunarudisha yote. Nimeona programu-jalizi zinazobadilisha mahali pengi na kumwachia mtumiaji kutendua kimojakimoja. Huo ni ukatili. Kila badiliko, la kihariri au la mtumiaji, lipite lango moja la miamala, na lango hilo lisizuie. Likikuta mti umevunjika liweke mapengo na kuruhusu.

Suala la kasi lina ukorofi wake. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde inakupa kama milisekunde 16 kati ya kitufe na picha. Msimbo wa mtumiaji hauna adabu hiyo. Kuna siku ataandika kitanzi kinachozunguka faili lote. Usimkataze, wala usimwache aifunge kibodi. Mpe nakala ya mti isiyobadilika afanyie kazi pembeni. Nakala kama hiyo haina gharama kubwa kama inavyosikika: Gérard Huet alieleza zipa, njia ya kutembea na kuhariri ndani ya mti, mwaka 1997, na wazo lililo nyuma yake ni kwamba ukibadilisha jani unaunda upya nodi za njia ya kuelekea shinani tu, matawi mengine yote yakitumika na mti wa zamani na mpya kwa pamoja. Kazi ya pembeni ikimalizika na mti ukiwa umeshasogea, kihariri kijaribu kuoanisha. Kikishindwa, kiseme wazi kwamba kimeitupa.

Kuhusu sura, yaani kuonyesha orodha kama jedwali au hesabu kama zinavyochapwa vitabuni, nitapita haraka. Ni jambo zuri na huvutia kwenye maonyesho. Mtu aruhusiwe kujitungia sura kwa nodi yoyote, mradi kwa kitufe kimoja aweze kurudi kwenye maandishi, maana mwenzake anayesoma msimbo huohuo haoni jedwali lake.

Linalonisumbua zaidi ni yale maelezo ya mwandishi ndani ya msimbo ambayo kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, huyaruka. Sarufi nyingi huyakubali popote, kwa hiyo mti haujui ni ya nani. Mstari wa maelezo ulio juu ya funksheni ni wa funksheni hiyo, au ni kichwa cha sehemu yote inayofuata? Ukiihamisha funksheni, maelezo yafuate au yabaki? Mstari mtupu kati yake unabadilisha jibu? Nimejaribu kanuni ya jumla, na kila inayofaa kwa lugha moja huharibu lugha nyingine, au hata mradi mwingine wa lugha hiyohiyo. Kwa hiyo hapa sitoi kanuni. Ningeweka uamuzi huo kwenye mipangilio, mradi kwa mradi, ukiwa umeandikwa kama kielelezo cha kawaida cha nodi, na kila uhamisho uonyeshe kwa rangi ni maelezo gani yanasafiri kabla mtu hajathibitisha. Sarufi ikibadilishwa toleo na jina la nodi likatoweka, kielelezo kipige kelele kihariri kinapofunguliwa, si wiki tatu baadaye maelezo yakiwa yameachwa yatima chini ya funksheni isiyoyahusu.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu, ndugu yangu, sema kwa sauti wote tusikie.