Andika kwa Mkono Wako: Kuzungumza na Maofisa Wanaopokea Vijana Jeshini

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Mwanza)

Marahaba, wanangu. Kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, maana upepo wa ziwa ukianza kupiga mabati hamtanisikia.

Nianze na barua. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa mwalimu wa taaluma, kijana wangu mmoja wa kidato cha sita aliniletea barua ya kuomba kujiunga na jeshi ili niipitie kabla hajaituma. Ilichapwa vizuri, haina kosa hata moja la tahajia. Aya ya pili ikasema mwombaji amesoma shule iliyoko Songea. Mtoto huyu hajawahi kuvuka Shinyanga! Nilipomuuliza, akasema pale stesheneri walikuwa na barua ya mtu aliyechaguliwa mwaka uliotangulia, wakabadilisha jina tu.

Sikumgombeza. Nilimpa karatasi nne za mistari, nikamwambia kaa pale chini ya mwembe, niandikie wewe ni nani na unataka nini. Alirudi jioni na nusu ukurasa. Ilikuwa na makosa mawili, nayo ilikuwa barua nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mtu.

Ofisa anayepokea maombi hajawahi kukuona. Hajui kwamba wewe ndiye kiranja, wala kwamba unaamka saa kumi kumsaidia mama kuanika dagaa kabla ya kuja shule. Anachokuwa nacho mezani ni karatasi yako, baadaye sauti yako kwenye simu, baadaye uso wako siku ya usaili. Anatafuta kijana ambaye kesho atakabidhiwa watu wengine awaongoze. Ukimpa maneno ya mtu wa Songea, atakujuaje?

Sasa, unamwandikia nani? Wengi mnasema "nataka kuomba Monduli," kama mnavyosema nataka kuomba chuo kikuu. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, kule Arusha, ndiko maofisa wanafunzi wanakofundwa mpaka siku ya kutunukiwa kamisheni na kuvishwa cheo cha luteni usu. Lakini mlango wa kuingilia ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lenyewe. Nafasi hutangazwa na Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma, na tangazo ndilo linalosema barua ielekezwe kwa nani, ifikeje na iambatanishwe na nini. Kabla ya hapo, mkimaliza kidato cha sita, mtaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisimama mwaka 1994, ukarudishwa 2013. Wengine mtaangukia kambi ya Rwamkoma, hapa jirani Mara. Cheti cha JKT kitunzeni, maana matangazo ya jeshi hukiulizia.

Lisomeni tangazo kama mnavyosoma kifungu cha ufahamu. Limetaja umri? Limetaja ndoa? Limesema barua iandikwe kwa mkono? Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakisema hivyo, na bado watu wanapeleka zilizochapwa. Mtu anayesoma maelekezo ya mstari mmoja na kufanya kinyume, ofisa amwaze vipi akiwa na ramani mkononi?

Halafu yapo maswali ambayo tangazo halijibu. Hayo ulizeni, wala msiogope. Katika wilaya zetu yupo ofisa anayeitwa Mshauri wa Jeshi la Akiba. Wazee bado wanamwita mshauri wa mgambo. Nyamagana yupo, Ilemela yupo, hata ninyi wa Ukerewe na Sengerema mnaye kwenu. Huyo ndiye mwanajeshi wa karibu ambaye kijana anaweza kwenda kumuuliza kwa heshima na akarudi na jibu la kweli.

Swali linaulizwaje? Ukienda na "Afande, naomba kujua kuhusu jeshi," umempa mzigo wa kuanza kukuhoji yeye. Jaribu hivi: "Shikamoo afande. Naitwa fulani bin fulani, niko kidato cha sita. Nimesoma tangazo lote. Cheti changu cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu. Naomba kujua nianzie wapi kurekebisha." Sekunde thelathini hazifiki. Umejitambulisha, umeonyesha umesoma, umeuliza jambo moja. Na akiitikia "jambo" badala ya "marahaba," usishtuke, ndiyo salamu yao. Afande ni neno salama usipojua cheo. Ukikijua, kitumie: Kapteni usimwite Meja kwa kumfurahisha.

Hilo la majina sikulichagua bure. Hapa Usukumani tunaumizana sana. Mtoto anazaliwa, anapewa jina la babu. Akienda shule mwalimu anaandika lililomjia sikioni. Akipelekwa kanisani anapata la tatu. Cheti kimoja Masanja kwa "s" moja, kingine kwa mbili. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kinasema vile, cha Baraza la Mitihani kinasema vingine. Siku ya usaili ofisa akiona majina matatu tofauti, hana namna ya kujua kama ni mtu mmoja au wawili. Nimewaona vijana wenye ufaulu mzuri wakilia kwa herufi moja. Leo jioni tandazeni vyeti vyenu kitandani, muviweke sambamba, msome herufi kwa herufi. Mkikuta tofauti, anzeni kurekebisha sasa, mkiwa bado shuleni, msisubiri tangazo litoke na kubaki na siku chache mkononi.

Simu nayo. Namba uliyoandika kwenye barua iwe yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na iwe hewani. Baba akiwa kambi ya wavuvi visiwani, mtandao unakuja na kuondoka. Ukiandika namba yake, ujumbe wa kukuita utalala huko. Ukipigiwa ukiwa Mlango Mmoja katikati ya kelele za soko, sema, "Afande, naomba dakika moja nisogee penye utulivu," kisha sogea. Hakuna atakayekasirika. Na barua pepe iwe ya jina lako, uifungue mwenyewe, nenosiri ulijue wewe, siyo kijana wa kule ulikolipia mtandao.

Wazazi mlioketi hapa mbele, hili nalisema kwenu kwa upendo. Nilimsindikiza binti mmoja wa visiwani pamoja na mama yake kwenda kuuliza. Kila ofisa alipouliza, mama alijibu. Umri, mama. Masomo, mama. Mwisho yule ofisa aligeuza kiti, akamtazama binti, akanyamaza. Tulikaa kimya wote, nikasikia hata boda boda zinapita nje. Ndipo binti akasema, "Afande, mimi navaa miwani. Nataka kujua uchunguzi wa macho unafanywaje, nijiandae mapema." Swali hilo lilikuwa likimkosesha usingizi mwaka mzima, na mama hakulijua. Mzazi, lipa nauli, mpe baraka, kaa naye kwenye benchi nje. Kuzungumza mwachie yeye.

Sasa fedha. Wanangu, nisikilizeni. Jeshi halitozi pesa ya nafasi. Matangazo yake yenyewe yanaonya kuhusu matapeli. Najua familia iliyouza ng'ombe wawili kumpa mtu aliyejiita kanali kwenye simu. Kijana aliambiwa asimwambie mtu, atume pesa kabla ya saa sita, jina lake "limeshapita." Hakuna jina lililopita. Ng'ombe hawakurudi, na kijana aliona aibu kiasi kwamba hakuomba tena, ingawa alikuwa na sifa zote. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu akikuharakisha, akakutaka siri, akakupa namba ya kumtumia pesa, kata simu na uende polisi na namba hiyo. Na ukiambiwa "nina mjomba wangu huko ndani," mwambie asante, mimi nimeshaandika barua.

Naona mkono kule. West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani? Vizuri, kila mwaka swali hili linakuja, na si ndoto ya kuchekwa. Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa JWTZ, Mrisho Sarakikya, alisomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Lakini fahamu njia. Kijana wa Marekani anayetaka West Point au chuo cha wanamaji cha Annapolis anaanza mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari. Anafungua jalada chuoni, na kando yake anaandika barua nyingine kwa mbunge au seneta wa kwao kuomba apendekezwe, kwa sababu bila pendekezo hilo, au lingine linalotambuliwa na sheria, hapokelewi. Ni ofisi mbili, barua mbili. Annapolis ina hata watu wa kujitolea mikoani wanaomhoji kijana na kumwongoza, na wanataka kumsikia yeye mwenyewe, si mama yake. Unaona? Hata huko.

Wewe wa Mwanza huna seneta wa kumwandikia. Sheria yao inaruhusu wageni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika kila chuo kati ya hivyo, na wageni hao hupendekezwa na serikali za nchi zao kupitia ubalozi wa Marekani. West Point ina mipaka yake ya umri, usiwe na ndoa, na Kiingereza chako kipimwe. Kwa hiyo hata safari hiyo ndefu inaanzia kwa wanajeshi wetu wenyewe. Ukiwaandikia West Point moja kwa moja, waulize utaratibu wa nchi yako, kwa sentensi tatu, wala usiwatumie vyeti vyote kwa mara moja.

Ukishatuma, tulia. Usipige kila siku. Nimeona vijana wakipiga picha barua zao za wito na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata ya kuwaonyesha wazazi. Jambo la jeshi lisianzie kwenye kundi. Ukijaza fomu, jaza ukweli, pamoja na ugonjwa uliowahi kuugua na kosa uliloandikiwa polisi. Ofisa anaweza kukushauri juu ya ukweli mgumu, ila uongo ukigunduliwa hana la kukusaidia.

Sasa toeni karatasi. Hapana, funga kompyuta hiyo. Juu kulia, anwani yako na tarehe ya leo. Chini kushoto, anwani ya unayemwandikia. Ruka mstari. Ndugu. Kichwa cha barua kwa herufi kubwa. Halafu aya moja tu: wewe ni nani, na kwa nini unataka kuitumikia nchi hii. Mwenye kalamu mbili amwazime jirani. Nitapita dawati kwa dawati.