Sanduku la Chuma na Baruti Havikai Pamoja

Ndugu zangu wawindaji wa Tabora, naanza na lile lile mlilokwisha kunichoka nalo: sanduku la chuma.

Mtu ananunua sanduku la chuma nene, makomeo matatu, anaweka humo kopo la baruti, kisha anajipiga kifua: "Moto ukija, humu utakosa hewa." Hapana! Kuni zikikosa hewa huzimika. Baruti haizimiki, oksijeni yake imo ndani yake yenyewe. Hii ya kisasa isiyo na moshi, ya kujazia risasi, ukiimwaga chini ukaiwasha, huwaka fyuu ikaisha. Ifungie ndani ya chuma uone: gesi inabanwa, ikibanwa baruti inaungua kwa kasi zaidi, kasi nayo inazidisha kubana, mpaka chuma kinapasuka. Hapo umejitengenezea bomu, na makomeo umeyalipia mwenyewe.

Seremala akuchongee kasha la mbao za unene wa inchi moja. Mninga mnao, mnauza hadi Dar es Salaam, halafu baruti yako unaitafutia chuma! Mbao huchelewesha joto, na presha ikipanda viungo vyake huachia mapema. Kifuniko kisikazwe. Najua mtauliza: na mwizi je? Mwizi mzuie kwa mlango wa chumba, na mtoto vilevile. Kule Marekani, wanakojaza risasi upya majumbani, kanuni ya NFPA 495, ya shirika lao la kinga ya moto, inaruhusu kilo 9 hivi katika makopo yake ya kiwandani. Ikizidi hapo, hadi kilo 22 hivi, lazima kasha la mbao. Kwetu huku, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 mnayo.

Na usiihamishie kwenye chupa ya asali! Ikishapoteza jina hujui tena ni ipi, na kipimo cha baruti moja si kipimo cha nyingine. Wala darini usiiweke. Bati la Oktoba litaipika.

Fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti ndani ya risasi, haraka haraka: zibaki kwenye trei zake, kila moja na kitundu chake. Ukizimimina pamoja koponi, moja ikilipuka zote zinafuata. Zisilale kasha moja na baruti.

Wenye magobore, baruti nyeusi ni kesi nyingine, cheche moja inatosha. Leo muda umeniishia.

Ukifungua kopo ukanusa ukali wa asidi, ukaona vumbi jekundu kama kutu, imeharibika hiyo. Imwagie maji humo humo, itoe nje, wajulishe polisi. Chooni usitupe. Haya, maswali.