Namba za Ripoti Zisiandikwe kwa Mkono

Wenzangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu ripoti bado zinakuja na ugonjwa uleule: namba zimeandikwa kwa mkono ndani ya sentensi. Zana za kuchanganya maandishi na msimbo wa R (lugha ya takwimu), ili namba zijijaze zenyewe, si mpya: Sweave ilitoka mwaka 2002, knitr ikafuata 2012, Quarto 2022. Zana zipo, tena za bure!

Chukulieni faili la data lenye rekodi 412. Unalisoma kwa R, unatoa jedwali, kisha unaandika: “Washiriki walikuwa 412, wastani wa umri wao miaka 37.4.” Baadaye inagundulika kuwa rekodi 9 zimejirudia. Unaongeza mstari mmoja wa distinct(), amri ya kuondoa safu zilizojirudia, na kuendesha msimbo upya. Jedwali sasa linasema 403, grafu nayo imebadilika, lakini sentensi imeng’ang’ania 412. Wastani je? Na kila asilimia uliyoigawanya kwa 412? Hutaona onyo lolote, maana kwa kompyuta ile sentensi ni maneno tu.

Dawa yake ni fupi. Ndani ya sentensi, pale penye 412, andika `r nrow(d)`, ambapo d ni jedwali lako la data; ripoti ikitolewa, jibu la msimbo huo linakaa mahali pake. Pale penye wastani, `r round(mean(d$umri, na.rm = TRUE), 1)`. Bila na.rm, umri mmoja ukikosekana jibu zima linakuwa NA, yaani haijulikani. Ukiiweka, mwambie msomaji ni wangapi walioachwa. Namba ikiwa kubwa, knitr inaweza kuiandika kwa vipeo vya kumi, kwa hiyo tumia format(n, big.mark = ",").

Mtu atasema, “Mimi nitakagua kwa macho.” Namba 60, kurasa 30, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi? Jicho huona linachotarajia kuona. Mwingine atasema bosi wake anataka Word. Mpe Word! Faili lilelile la .qmd, yaani chanzo cha Quarto, hutoa docx. Ila akisahihisha humo, rudisha masahihisho kwenye chanzo, la sivyo utoaji unaofuata utayafuta.

La pili: ripoti izaliwe katika R tupu. Kitufe cha Knit cha RStudio, programu ya kuandikia R, hufungua kikao kipya, lakini ukiita rmarkdown::render() kwenye konsoli, msimbo wako unaviona vitu vyote vilivyobaki kwenye kumbukumbu. Kitu ulichokiunda asubuhi na kusahau kukiandika kitaificha kasoro, kisha mwenzako atakapoendesha faili lake litakwama. Anzisha R upya kwanza, na uzime kuhifadhi .RData, faili linalorudisha vitu vya kikao kilichopita.

Muda unakimbia. Njia za mafaili zianzie kwenye folda ya mradi. Amri ya setwd() yenye njia ya folda ya kompyuta yako haimfai mtu mwingine. set.seed(), inayoweka mbegu ya namba za bahati nasibu, peke yake haitoshi: R 3.6.0 ya mwaka 2019 ilibadilisha namna sample() inavyochagua, hivyo mbegu ileile inaweza kutoa sampuli tofauti. Endesha renv::snapshot(), inayoorodhesha matoleo ya vifurushi ulivyotumia, na utume faili lake la renv.lock pamoja na msimbo; toleo la R litaandikwa humo, ila kulisakinisha ni kazi yako. Ukitumia cache = TRUE, inayohifadhi matokeo yasikokotolewe upya, knitr haijui kwamba CSV imebadilika; ongeza cache.extra = tools::md5sum("data.csv"), ili faili likibadilika matokeo yakokotolewe upya.

Na kabla ya kutuma HTML ya Quarto, weka embed-resources: true chini ya format: html, mwanzoni mwa faili la .qmd. Usipoiweka, picha zinabaki kwenye folda ya pembeni, na mpokeaji anafungua ripoti isiyo na grafu hata moja.